Kipande cha Chini ya Miruka

Kijijini Mamba, Jumapili mchana, mwezi Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini, kama vile ungeniitikia kutoka jikoni, ile marahaba yako ya kuivuta mpaka mtu anajua kama leo mgongo unauma au umekuachia.

Huku wazima. Mjukuu wako Neema ameota meno ya mbele. Mwanao Yohana amepona kikohozi. Ng'ombe mwekundu amezaa, jike. Paa la jiko linavuja palepale. Hayo ndiyo ya nyumbani, na ungekuwepo ungeniambia, "Haya, umemaliza salamu, sasa sema lililokuleta."

Lililonileta ni bonde.

Yohana alikuwepo siku ile, na kila aliyekuwepo ameshaisimulia kwa namna yake, wengine kwa kucheka. Lakini hakuna anayejua lilivyokuwa tumboni mwangu. Ningekuwa nawe ningeshuka nikakaa kwenye lile jiwe lako, nikakueleza huku unapalilia bila kunitazama. Sasa naandika.

Nianze na hasira, niitoe. Nilikukasirikia, Mama. Nilikukasirikia nikiwa nimesimama kando ya kaburi lako, na niliona aibu, lakini hasira haikuondoka kwa sababu ya aibu. Kwa nini hukuwaambia wanao? Uliishi nao, ukawalea, ukawaoza, na hukuwahi hata siku moja kuwaambia kwamba lile bonde chini ya migomba ni bustani.

Unakumbuka nilivyofika. Mimi mtu wa Kifaru, huko chini tambarare, kwetu jua linakaa juu ya bati kutwa nzima. Nilidhani ua ni kitu cha kupandwa kwenye kopo, likawekwa mbele ya nyumba juani ili wapita njia waone. Wiki ile ya kwanza ukaniita, "Wewe bibi harusi, vua ndala, twende." Ukanishusha kwenye ule mteremko, kupita migomba, mpaka chini ya miruka, ile miti mikubwa ya kivuli, ambako mfereji unapita kwenda kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Nilisikia baridi miguuni. Nilifikiri unanionyesha mahali pa kuchota maji.

Ukaanza kunitambulisha kama mtu anavyomtambulisha mgeni kwa ndugu. Kwenye mwamba unaochuruzika maji palikuwa na yale ya zambarau yenye majani ya manyoya laini, uliyoyaita masikio ya ndama. Kando ya mfereji kulikuwa na yale mekundu na ya waridi, ambayo tunda lake likikomaa ukiligusa tu linapasuka na kukurushia mbegu usoni. Hayo uliyaita mke mwenza. Nilicheka, nawe ukanitazama kuona kama nacheka kwa adabu. Halafu ukanionyesha mahali patupu kabisa, udongo mweusi na majani makavu, ukasema, "Hapa usikanyage. Amelala."

Sikuelewa mpaka masika. Udongo ule mtupu ukapasuka, likatoka shina moja nene, na juu yake mpira mwekundu wa nyuzinyuzi, mkubwa kuliko ngumi zangu mbili. Ukasema huyo ni bwana harusi: anakuja mara moja kwa mwaka, amependeza, anasifiwa, kisha anarudi zake kulala na kazi anakuachia wewe.

Na yote yalikuwa ya milima hii hii. Hukung'oa hata moja msituni. Ulilifuata lile greda lililokuwa likipanua barabara, ukawa unaokota kwenye kifusi, unabeba kwenye kanga kama mtu aliyebeba vifaranga. Watu walidhani unaokota kuni. Ukanifundisha kumwagilia kwa birika, chini, kwenye shina, kwa sababu masikio ya ndama yakimwagiwa maji baridi juu ya jani yanapata madoa na hayaponi. Ukanikataza samadi. Ukasema mbolea yao ni majani ya miruka yaliyooza, na chakula kikuu chao ni kivuli. Kila mwaka baada ya vuli ulikuwa unasimama pale umeinua uso, ukitafuta jani moja moja la kupunguza kwenye matawi, siyo zaidi, ili jua la asubuhi liingie kwa vidoa na la mchana lisiingie kabisa. "Kivuli nacho kinalimwa," uliniambia.

Nikakuuliza kwa nini Yohana na kaka yake hawajui. Ukajibu, "Wanaona pori. Waache waone pori. Hakuna mtu anayeiba pori."

Basi ulikuwa umekosea, Mama. Nakwambia kwa heshima zote. Pori haliibiwi, lakini pori hufyekwa.

Mwezi wa kwanza shemeji Elisante alipanda kutoka Same kuja kuangalia kaburi. Unamjua mwanao mkubwa, akishapata wazo hulala nalo na kuamka nalo. Alisimama pale kwenye ukingo wa migomba tulipokulaza, akatazama jani kavu la mgomba lililoanguka juu ya udongo, akatazama na bondeni, kwenye giza la miruka, na macho yakamjaa machozi. Akasema, "Mama hawezi kulala porini."

Ningeweza kumjibu kama angekuwa amesema kwa ubaya. Lakini alilia. Mwanamume mzima, mwenye duka lake la saruji na mabati, analia na kuipangusa pua kwa mkono wa shati. Akasema atajenga kaburi kabla ya Pasaka, ataleta marumaru, na eneo lote litasafishwa kutoka barabarani mpaka mferejini, watu wakija kwenye ibada waone kwamba huyu mama alikuwa na watoto.

Jioni ile nilimwambia Yohana. Nilimwambia polepole, nikimtajia moja moja, masikio ya ndama, bwana harusi. Alikuwa anakula. Akaacha kutafuna. Akasema, "Huyo ni kaka mkubwa. Nikamwambie nini? Kwamba mke wangu amependa magugu ya marehemu?" Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli, alitaka nimpe maneno, na mimi maneno sikuwa nayo. Kila nililolifikiria lilianza na "Mama aliniambia," na anayeweza kulithibitisha yuko chini ya udongo. Halafu mimi nani? Mkwe. Mtu wa kuja. Niseme mama yenu aliniambia mimi jambo ambalo ninyi aliowazaa hakuwaambia?

Jumapili iliyofuata Elisante akasimama kanisani wakati wa matangazo, akaomba msaragambo. Hapo ndipo nilipoona nimeshindwa. Mtu mmoja unaweza kumsihi, na mafundi unaweza kuwachelewesha. Msaragambo utausimamishaje? Filimbi ikilia kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, bila malipo, kwa sababu nawe ulitoka kwao walipofiwa. Ulitoka kwa wote, Mama, hakuna nyumba huku ambayo hukuichimbia, hukuipikia. Wote walikuwa wanakuja kukulipa wema wako, na malipo yenyewe yalikuwa ni kuimaliza bustani yako mpaka mizizi.

Na ilikuwa kiangazi. Fikiria. Mabwana harusi wote wamelala. Mke mwenza amesinyaa, amebaki vijiti. Mtu akitazama pale haoni kitu cha kuonewa huruma. Nilishuka Ijumaa nikiwa na vijiti nikitaka kuchomeka alama kila mahali alipolala mmoja, nikachomeka viwili vitatu, nikaving'oa. Niliona nitaulizwa vijiti vya nini.

Jumamosi wakaja. Nisikufiche, nilifurahi kuwaona. Uwanja ulijaa. Majembe, mafyekeo, mapanga, wanawake na masufuria ya makande yaliyochemka tangu usiku. Kile kikundi cha vijana wanaolima tangawizi kilikuja chote, wawili wawili kwenye bodaboda, na mzee Mbazi akiwa na filimbi yake shingoni na ile fimbo ya kupimia vipande, amevaa koti la suti juu ya kaptura. Aliomba dua fupi, akakutaja, akajifanya anakohoa.

Kisha akaanza kugawa. Nyumba hii kutoka hapa mpaka pale, nyumba ile mpaka kwenye mgomba uliolala. Alipofika ukingoni akaelekeza fimbo bondeni, akasema, "Vijana wa tangawizi, kule chini ni kwenu. Nyie ndio wenye mikono."

Sijui nilitoa wapi sauti. Nilisema, "Shikamoo mzee. Kipande hicho ni changu."

Watu wakageuka. Mzee Mbazi akasema, "Marahaba, mwanangu. Wewe na nani?"

"Mimi."

"Kile ni cha watu kumi."

"Nakitaka mimi. Alikuwa mama yangu."

Wakacheka kwa upole. Mmoja wa vijana akasema kwa sauti, "Mkwe anatafuta sifa mpaka kwa marehemu!" Mama Joyce, jirani yetu yule yule, hajabadilika, akamjibu, "Na wewe mkeo akipata robo ya sifa hizo utashukuru, funga mdomo ushike jembe." Wakacheka tena, na mzee Mbazi akapiga fimbo chini. Kipande kikawa changu.

Ulikuwa ujanja wangu pekee, Mama. Sheria unaijua, umeisimamia mwenyewe kwenye usafi wa ndiva. Kipande cha mtu hakiguswi na mwingine wakati wengine bado wanalima vyao. Hiyo ndiyo niliyoishikilia. Lakini sheria ina mkia wake. Wakishamaliza, wote humshukia aliyebaki nyuma wamsaidie. Na chakula hakipakuliwi, hata sahani moja, mpaka kipande cha mwisho kiishe na filimbi ilie. Nilikuwa nimejinunulia asubuhi moja tu. Baada ya hapo wangekuja wote, na njaa zao.

Nilishuka nikapiga magoti. Jembe nililiweka kando, liwe linaonekana. Nikang'oa kwa vidole, magugu ya kongwa na kishona nguo peke yake, nikirudishia majani makavu juu ya kila mahali nilipojua amelala mmoja. Nilikuwa nikitupa magugu kwa nguvu juu ya ukingo ili wayaone yakiruka, wadhani kazi inakwenda. Huko juu nilisikia majembe. Mwanzoni yalikuwa mbali, na nyimbo, na mtu akisimulia jinsi ulivyomfukuza kuku wa mchungaji. Kisha yakasogea. Jembe likigonga jiwe nasikia. Jasho lilinitoka mahali penye baridi vile. Nilikuwa najiambia nifike tu kwenye mwamba, nifike kwenye masikio ya ndama, kama vile nikiyafikia nitajua la kufanya.

Elisante akatokea ukingoni na panga. Alikuwa amelowa, amefurahi, ana udongo mpaka kwenye nyusi. Akanitazama, akasema, "Shemeji, unalima au unashona?"

Nikasema, "Nalima, shemeji."

"Basi kwa mwendo huo makande tutayala Pasaka."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Akainua uso akatazama mruka mkubwa, ule ulioinama juu ya mwamba. Akasema giza hili ndilo linalofanya mahali hapa pawe hivi, mwanga ukiingia patachangamka, hata kaburi litaonekana kutoka barabarani. Nikafungua mdomo nimkumbushe sheria ya kipande. Yeye tayari amevua shati. Na kitambi chake kile, Mama, alipanda. Alipanda kama alivyokuwa akipanda utotoni, nadhani, maana vijana walikuja ukingoni wakapiga makofi, "Mjomba wa Same! Mjomba wa Same!" naye akawa anacheka huku anahema. Akafika kwenye tawi la chini, lile nene, lile ambalo kila mwaka ulilipunguza jani moja moja. Akalipiga panga.

Nilisema, "Shemeji, ngoja." Sikusema kwa sauti. Panga likapiga tena. Nikasema tena. Tawi likaanza kulia, unajua linavyolia kabla ya kuvunjika, na ndipo nikapiga kelele. Nilimwita kwa jina lake. "Elisante! Acha! Acha, Elisante!" Mbele ya mzee Mbazi, mbele ya wazee wa kanisa, mkwe anamkemea kaka mkubwa wa mumewe kwa jina tupu kama anafukuza mbuzi.

Tawi likaanguka. Lilianguka juu ya mwamba na majani yake yote, likaburura, na nyuma yake jua likaingia. Sijawahi kuona jua mahali pale. Lilikuwa jeupe. Lilikaa juu ya ule mwamba uliolowa kama kitu kilichomwagika.

Nyimbo zilikoma mpaka kule barabarani. Yohana alikuwa amefika ukingoni, na uso wake niliuona, haukuwa na hasira, ulikuwa na hofu, kwa ajili yangu. Elisante amekaa juu ya mti, panga mkononi, ananitazama kwa chini kama mtu asiyejua amepigwa na nini.

Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa machozi. Basi nikainama nikachimba kwa vidole pale nilipopiga magoti, nikamtoa mmoja. Bwana harusi. Nikampangusa udongo. Alikuwa mnene, mzito, na kwenye ncha ameshaanza kuchomoza kijani, kidogo tu, kama ncha ya kucha. Nikamwinua juu, nikasema, "Hiki ni kitunguu cha ua, ni cha mama. Amevipanda. Viko kila mahali hapa, vimelala."

Yule kijana aliyenitania kuhusu sifa alishuka, wenzake nyuma yake, akakishika, akakigeuza. Hawa hawajui maua, Mama, lakini kuna kitu kimoja wanakijua maisha yao yote: kitu kilichokaa ardhini kimya, majani yake yamekauka juu, mtu mgeni akapita akasema hapa hakuna kitu. Akakitazama kile kijani cha kwenye ncha. Akawaambia wenzake, "Kina jicho." Wale wote wa tangawizi wakatazama miguu yao walipokuwa wamesimama, na bila kuambiwa wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakikanyaga palepale walipokanyaga wakija.

Elisante akauliza kutoka mtini, "Mama alipanda maua? Hapa?"

Ndipo Yohana akasema. Yohana wetu, ambaye maneno yake huhesabika kwa wiki. Akasema, "Kaka, unakumbuka zile fimbo?"

"Fimbo gani?"

"Tukipitisha ndama hapa. Alituchapa tukaulizana tumekosa nini, ndama wapite wapi kama siyo njia ya maji. Wewe ulichapwa zaidi."

Elisante akatazama mguu wake kule juu. Niliona kitambi kinatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, au vyote viwili. Akasema, "Kumbe zile zilikuwa za maua! Mimi nimebeba alama mguuni miaka yote hii nikidhani ni kwa sababu ya utukutu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mimi, na uso wangu umelowa.

Lakini mzee Mbazi hakucheka. Alishuka na fimbo yake mpaka kwenye mpaka wa kipande changu, akasimama. Makande yalikuwa yamekaa, watu wana njaa, na kipande ambacho hakijafyekwa kiko mbele yake, hawezi kupiga filimbi. Angepiga angekuwa amevunja kitu ambacho hajawahi kukivunja. Akageukia watu, akauliza, taratibu kabisa, kama anavyouliza siku zote kazi inapofungwa: "Kipande hiki kimelimwa, au hakijalimwa?"

Mtu mmoja tu akisema hakijalimwa, wote wangeshuka. Ndiyo sheria. Niliona wanatazamana. Niliona mzee mmoja wa kanisa anatazama lile jembe langu kavu kando ya mti.

Mama Joyce akasema, "Kimelimwa. Kililimwa zamani, na mwenyewe."

"Kimelimwa," akasema yule kijana.

Kisha wengi. Elisante akasema wa mwisho, bado amekumbatia mti kwa sababu kushuka alikuwa hajui atashukaje: "Kimelimwa, mzee. Piga filimbi nishuke nile." Filimbi ikalia.

Ningependa niishie hapo, ungelala vizuri. Lakini sikuja kukufariji, nimekuja kukueleza.

Jua lilibaki. Tawi halirudishwi. Kila siku kuanzia adhuhuri lilikaa juu ya mwamba, na masikio ya ndama yakaanza kupauka, kisha kingo zikawa kahawia, kisha yakajikunja kama karatasi karibu na moto. Nilifunga miti nikatandika majani makavu ya migomba juu yake, upepo ukayachukua. Nikatandika tena. Mwamba wenyewe ulipungua maji. Yohana alinisaidia kuleta maji ya mferejini, nami nilisimama nikimwambia chini, chini, usiguse jani, mpaka akasema sasa ananisikia na mama yake kwa sauti moja.

Elisante alirudi Same, na kabla ya wiki kwisha bodaboda ikaleta furushi, neti nyeusi ya kivuli, ile wanayotumia kwenye vitalu vya miche, na kamba. Jioni akapiga simu. Hakusalimia. Aliuliza, "Shemeji, wagonjwa wanaendeleaje?" Anapiga kila anapofunga duka. Ninamwambia ukweli. Nikimwambia leo wamekufa wengine, nasikia pikipiki zinapita huko barabara kuu, kisha anasema, "Haya. Kesho tena." Hatujawahi kuongea juu ya siku nilipomwita jina. Kaburi limekwisha. Marumaru ni nyeupe, imeandikwa vizuri. Kwa kweli linaonekana kutoka barabarani.

Mvua zimeanza wiki hii. Mabwana harusi wameanza kutoka, siyo wote, wengine walikanyagwa na sitawaona tena, lakini wanatoka, na watu wanakuja kuwaona. Wanasimama ukingoni na viatu mkononi. Mke mwenza amechipua kando ya mfereji kote. Ila mwamba bado sijui. Zaidi ya nusu ya masikio ya ndama yameondoka. Yaliyobaki yana majani ya katikati tu, madogo, na kila asubuhi nashuka nikiogopa kutazama.

Sasa nikwambie nililolifanya, ambalo hutalipenda. Yale yaliyokuwa yanakufa niliyachuma majani yaliyosalia na uzima, nikayachomeka vikonyo vyake kwenye udongo wa majani, kwenye sufuria chakavu nyuma ya jiko. Mengine yameoza. Mengine yametoa watoto chini, vijani vidogo vyenye manyoya. Sikuvirudisha bondeni vyote. Nimempa Mama Joyce. Nimempa mke wa mzee Mbazi, ana kijito chini ya parachichi zake. Yule kijana wa tangawizi alikuja mwenyewe kuomba, amempelekea mama yake. Na sufuria moja imeshuka Same kwa basi, imekaa nyuma ya duka la mwanao, kwenye kivuli cha tangi la maji, na anaimwagilia kwa birika alilonunua kwa kazi hiyo tu.

Kila niliyempa nimemwonyesha na kumwambia jina. Nimewaambia wote, Mama. Wewe ulificha ili visipotee, na nusura vipotee kwa sababu ulificha. Sitaki bonde moja tena, na mtu mmoja anayejua. Mwamba ukifa, mimi nikifa, greda likipita, viwepo kwa Mama Joyce. Ukiwa na hasira nami kwa hilo, basi tumelingana.

Nakuahidi kivuli. Lile tawi limetoa machipukizi pale lilipokatwa, mengi mno, na baada ya vuli nitasimama nimeinua uso kama ulivyokuwa ukisimama, na nitapunguza jani moja moja. Elisante ameomba awepo. Nitamwita shemeji.

Pumzika sasa. Mgongo umekuachia. Mimi nashuka bondeni kabla mvua ya jioni haijaanza.

Unikumbuke.

Mkweo,
Rehema